Jino la Kwanza la Bi Mdogo

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Haa, kwa sababu ukimsalimia aliinama kidogo, akaweka kiganja nyuma ya sikio la kulia na kusema, "Haa?" Ukirudia, angesema "Haa?" tena. Mara ya tatu alicheka tu na kukujibu jambo ambalo hukumuuliza. Umemwambia habari za asubuhi, yeye anakujibu kwamba mashine itafunguliwa saa mbili.

Mashine hiyo ndiyo iliyomla masikio. Kwa miaka thelathini na moja alisimama katika banda la kusaga nafaka, kazi aliyoianza akiwa kijana asiye na mvi hata moja. Ndani ya banda kulikuwa na injini moja kubwa, mkanda mrefu wa mpira na kinu cha chuma, na pande zote nne zilikuwa mabati matupu, ambayo yaliongeza kelele badala ya kuipunguza. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na upenyo mdogo. Mtu akipaza sauti karibu nalo, kitu kilipita. Mengine aliyasoma midomoni. Aliyezungumza polepole akimtazama usoni walielewana vizuri tu. Aliyempa kisogo alikuwa kama hayupo.

Mkewe alifariki miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia. Alimwachia binti mmoja, msusi, ambaye aliolewa na fundi bomba, na wote watatu wakakaa nyumba moja ya vyumba viwili, mzee chumba cha mbele, wenzake chumba cha nyuma. Baadaye binti akajaliwa mtoto wa kike. Mzee alipomwona mjukuu wake mara ya kwanza, kichwa hakina nywele, kinywa hakina jino, alimpokea kwa mikono miwili, akasema, "Basi huyu ndiye mke niliyeletewa. Bi Mdogo. Tutakula vyakula laini pamoja, maana na mimi meno yananiaga." Watu walicheka, na jina likashika.

Bi Mdogo alikuwa na miezi mitano na nusu siku ile pikipiki ilipomgonga mama yake. Ilikuwa saa saba mchana, binti anavuka barabara kutoka saluni, hana haraka yoyote. Mtoto alikuwa kwa jirani, amelala. Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Hospitali ya karibu ilisema haina daktari wa mifupa, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa hadi mji mwingine, mwendo wa saa sita. Huko alilazwa chali, mguu umeninginizwa kwa kamba na vyuma vizito, akaambiwa ajiandae kwa wiki nane, pengine tisa. Mumewe ilimbidi akae naye. Katika wodi ile mgonjwa asiye na mtu wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha alikuwa mashakani, na watoto wachanga hawakuruhusiwa kuvuka mlango. Wazazi wa mkwe walikwishatangulia mbele ya haki. Hakukuwa na shangazi wala mama mdogo wa kuitwa.

Kabla ya kuondoka, mkwe alisimama mbele ya mzee, akasema neno moja moja ili midomo isomeke.

"Baba, sina mtu mwingine."

"Hata mimi sina," mzee alijibu. "Nenda kamwangalie mwanangu. Huyu niachie."

Hivyo ndivyo mzee wa miaka sitini na mbili, asiyesikia, alivyobaki na mtoto aliyekuwa bado ananyonya.

Usiku wa kwanza ulimpa aibu ambayo hakuisahau. Alimpa mtoto maziwa ya kopo kwa kikombe na kijiko, nusu yakaingia, nusu yakamwagikia shingoni. Alimfuta, akamlaza upande wa ukutani, akajinyoosha kando yake, na uchovu ukamchukua. Kwenye saa nane hivi jirani yake aliamshwa na kilio. Jirani huyu ni mjane tuliyemwita Mama Pasi, kwa sababu alipiga pasi nguo za watu, na ukuta wa chumba chake ndio huo huo wa chumba cha mzee. Alingoja kidogo akidhani mtoto atabembelezwa. Kilio kikaendelea. Akagonga ukuta. Akatoka akagonga mlango, kwanza kwa vidole, halafu kwa ngumi, mpaka wapangaji wengine wakaanza kuuliza kuna nini. Mwishowe alizunguka hadi dirishani, kwenye kioo kilichovunjika, akapitisha mpini wa ufagio na kumdokoa mzee mbavuni.

Mzee aliruka akidhani ni mwizi. Alipowasha taa alimwona mjukuu wake: uso umevimba, nguo imelowa, kinywa kiko wazi na hakuna kinachotoka tena. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

Alimfungulia Mama Pasi mlango. "Analia tangu lini?"

"Inakaribia saa nzima, kaka."

"Haa?"

"Saa nzima!"

Mzee alikaa kitandani. "Nilikuwa hapa," alisema. "Hapa hapa. Kiwiko changu kilikuwa kinamgusa."

Mama Pasi hakumlaumu. Alinawa mikono, akampakata mtoto, akamtia kidole kinywani taratibu. Bi Mdogo alikiuma kwa nguvu zake zote, akatulia, akahema. "Hii si njaa," Mama Pasi alisema, akimgeukia mzee ili amwone. "Fizi zimevimba, hapa chini mbele. Anaanza kuota meno. Na mama yake hayupo. Mambo mawili kwa mpigo, maskini."

Kuanzia usiku uliofuata mzee alilala ubavu, kiganja chake cha kulia juu ya kifua cha mtoto. Alikuwa amegundua jambo ambalo wenye masikio hawana haja ya kulijua, kwamba kilio huanzia kifuani muda mfupi kabla ya kufika kinywani. Mbavu hujivuta ndani, pumzi inakatika, halafu kunapita mtetemo mdogo kama wa gunia likijazwa. Baada ya siku chache aliweza hata kubagua. Njaa ilikuja na pumzi fupi fupi za haraka. Mtoto aliyelowa alirusha miguu kwanza. Maumivu ya fizi yaliukaza mwili mzima, tumbo likawa gumu kama ubao, kisha ndiyo mtetemo ukaja, mrefu. Mama Pasi alikuwa akituambia kisimani kwamba mara nyingi aliona mwanga wa taa ya mzee ukipenya juu ya ukuta kabla yeye hajasikia chochote. "Mtoto bado anakusanya kilio," alisema, "babu keshavaa kandambili."

Kazi ya mchana haikuwa nyepesi kuliko ya usiku. Siku ya pili mzee alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya marehemu mkewe akaenda naye kazini. Akina mama waliokuja na ndoo zao za mahindi walimcheka na kumwonea huruma. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi, udenda unamtiririka mpaka kifuani, kidevu kimeota vipele. Mzee aliwasha injini. Banda likaanza kutetemeka, na Bi Mdogo akanyamaza papo hapo. Akalaza shavu mgongoni kwa babu yake, akapitiwa na usingizi, usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa siku mbili.

"Umepata dawa, Mzee Haa!" mama mmoja alipaza sauti akionyesha kwa kidole. "Mashine inambembeleza!"

Mzee alipogeuza shingo na kuona jinsi mtoto alivyolala, alifurahi. Furaha hiyo haikudumu hata kwa debe moja la unga. Aliyatazama yale masikio madogo, moja limebanwa mgongoni kwake, jingine limeelekea kwenye injini, na unga umeanza kutua juu yake. Alizima mashine na kinu kikiwa kimejaa nusu, jambo ambalo halifanywi, kwa sababu nafaka hukwama na kukizibua kinu kile ni kazi ya saa nzima. Akatoka nje na mtoto mgongoni. Bi Mdogo akaamka na kuanza kulia upya.

Mwenye mashine, mama wa makamo aliyeirithi kwa kaka yake, aliitwa aje haraka. Alikuta foleni ya ndoo na mzee amekaa juu ya jiwe, mbali na banda, anampangusa mtoto masikio kwa ncha ya kanga.

"Fundi, kuna nini? Watu wanangoja."

"Naomba uniachie hizi wiki nane," mzee alisema. "Mtafute yule kijana wa karakana ashike mashine. Mimi siwezi kumweka mtoto mle."

"Lakini nimeambiwa alikuwa amelala vizuri."

"Alilala, mama. Na mimi mwaka wa kwanza nililala vizuri sana baada ya kazi. Nilikuwa naona raha, kimya kinanijia masikioni kila jioni. Sikujua kimya kile kinakuja kukaa."

Yule mama alitazama chini kidogo. Alikuwa amekuja amekasirika. "Miaka yote hii hujawahi kuniomba hata siku moja," alisema. Mzee hakuona midomo yake, akasema, "Haa?" Mama akainua uso. "Nenda, fundi. Nafasi yako ipo."

Basi mzee alikaa nyumbani na mtoto, na siku zikawa na utaratibu wake. Asubuhi alichemsha kikombe na vijiko viwili. Kijiko kimoja alikipoza ndani ya bilauri ya maji ya mtungi, akakipitisha kwenye fizi za mtoto kwa upande wa mgongo, polepole, huku na huku, na mtoto akikishika kwa mikono yote miwili na kukitafuna kama mtu mwenye deni nacho. Kijiko kikipata joto, alichukua cha pili. Alikata shuka safi vipande vidogo, akavichemsha, akavipoza, akampa kimoja kimoja aviume. Kidevu alikipangusa kila mara na kukipaka mafuta, maana udenda ukikauka pale unachoma. Mikono yake ilikuwa migumu kutokana na vyuma, kwa hiyo kila alipotaka kumsugua fizi kwa kidole alinawa kwa sabuni, halafu alikijaribu kwanza kwenye midomo yake mwenyewe. Alipoona kidole kinakwaruza alikisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Mama Pasi alimkuta anafanya hivyo akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, unataka kuwa bibi harusi?"

"Huyu mke wangu ndiye aliyeanza kulalamika," mzee alisema.

Lakini kulikuwa na siku ambazo hakuna kilichofaa. Kijiko kilirushwa. Kitambaa kilikataliwa. Hapo mzee alimbeba begani na kutembea uani, kutoka mlango wa choo hadi kwenye kamba ya nguo na kurudi, mara mia, mara mia mbili, akimwimbia. Kuimba kwake kulikuwa balaa, kwa sababu hakujisikia. Sauti ilipanda pasipotakiwa kupanda. Hakuna mpangaji aliyemwambia. Bi Mdogo aliweka kiganja chake kooni kwa babu yake, mahali sauti inapotikisika, na mara nyingine alitulia hivyo.

Binti alipiga simu jioni, kila baada ya siku mbili. Simu kwa mzee ilikuwa kipande cha plastiki tu, hivyo Mama Pasi ndiye aliyekuwa masikio yake. Walikaa wote watatu kwenye kizingiti, simu katikati.

"Mama, huyo ni mwanangu analia?"

"Anaota jino, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

"Baba anamsikia usiku?"

Mama Pasi alimgeukia mzee akamwambia swali. Mzee aliinamia simu na kusema kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, "Mwambie namsikia!"

Kule upande wa pili binti alianza kulia. Alisema maziwa yalikuwa yakimjaa kifuani siku za kwanza mpaka akapata homa, na sasa yamekauka, na alikuwa anajiuliza kama mtoto atamkumbuka. Mama Pasi hakuyafikisha hayo. Mzee alipouliza amesema nini, alimwambia, "Anakushukuru." Mzee alimtazama usoni muda mrefu, kwa sababu alikuwa amezoea kusoma zaidi ya midomo, lakini hakuuliza tena.

Wiki ya tatu Mama Pasi mwenyewe, ambaye naye alikuwa hapati usingizi, alikuja na kichupa kidogo cha kahawia. Alikipata kwa mtu anayemwamini. "Matone mawili tu jioni," alisema, "mtoto analala mpaka asubuhi. Na wewe utapumzika. Umekwisha, kaka. Jitazame."

Mzee alikipokea, akakigeuza mwangani, akakirudisha. "Dada, nisikilize usinune. Akipewa hii atalala. Lakini maumivu yatakuwepo. Na siku akiwa na jambo jingine kubwa, akashindwa kulia kwa sababu ya dawa, mkono wangu utajulia wapi?"

Mama Pasi alinuna kidogo hata hivyo. Alikitia kichupa mfukoni mwa aproni akaondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na uji mwepesi kwenye bakuli, na kichupa hakikutajwa tena.

Jambo hilo jingine lilikuja siku sita baadaye. Usiku mkono wa mzee ulihisi joto. Mara ya kwanza alidhani ni shuka. Alimfunua, akaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kisha kwenye tumbo, na moto ulikuwa pale pale. Alimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Kilio chake kilikuwa kimebadilika. Mwili haukukaza kama siku za fizi. Ulijipinda, kichwa kikarushwa kulia, na kila alipolazwa ubavu wa kushoto aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

Asubuhi watu walisema, "Ni meno. Homa ya meno, itapita." Muuza duka alisema hivyo. Mama Pasi pia alisema hivyo. Mzee alikaa kwenye kizingiti akimtazama mtoto mapajani mwake. Mkono mdogo wa kushoto ulipanda, ukashika sikio, ukalivuta. Ukashuka. Ukapanda tena, ukalivuta tena.

Mwaka wake wa kwanza kazini, mkewe alikuwa akimwuliza kwa nini analivuta sikio lake anapokula.

Alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zahanati kwa miguu bila kunywa chai.

Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika mezani, muuguzi kijana alimpima mtoto joto, akamtazama fizi na kuandika kitu bila kuinua kichwa. Mzee alimwona midomo ikicheza kuelekea daftarini.

"Haa?"

Muuguzi alirudia kwa nguvu, na benchi zima likageuka. "Meno, mzee! Anaota meno! Mpe maji mengi!"

"Meno nayajua," mzee alisema. "Nimeishi nayo wiki nne. Meno hayako sikioni, binti yangu. Mtazame sikio."

"Mzee, watu ni wengi..."

"Mtazame sikio la kushoto. Akiwa mzima nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Hakupaza sauti kwa makusudi. Yeye aliongea hivyo siku zote. Lakini tabibu, mwanamke aliyekuwa chumba cha pili, alisikia na kuja mlangoni kuona ni nani anayegombana. Alimtazama mzee, akamtazama mtoto ambaye wakati ule ule alilivuta sikio, akasema, "Ingia baba."

Chumbani mzee alimshika mtoto kichwa, naye tabibu akaingiza kile kifaa chenye taa. Bi Mdogo alilia kilio ambacho hata mzee alikipata, chembamba, kikipita kwenye ule upenyo wa sikio la kulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti ya mjukuu wake. Hakumwachia.

Tabibu alizima taa, akakaa ili nyuso zao zilingane. Alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua kuongea na asiyesikia bila kupiga kelele. "Kuna usaha ndani," alisema polepole. "Ngoma ya sikio imevimba, imekuwa nyekundu, lakini haijatoboka. Hii homa si ya meno. Meno huleta joto dogo tu, hayawashi mtoto namna hii. Umefanya vizuri kumleta leo."

"Atasikia?"

"Atasikia. Akimaliza dawa zote, na ukimrudisha nimwone baada ya wiki mbili, atasikia."

Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio, akainama. "Haa?"

Tabibu alijua kwamba alikuwa ameelewa. Alikuwa amemwona akielewa, macho yalikuwa yameshajaa. Akarudia hata hivyo, neno kwa neno. "Atasikia, baba."

Walipotoka, muuguzi kijana ndiye aliyemwandikia dawa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, asubuhi kiasi gani, jioni kiasi gani, siku ngapi. Alisimama akampa kwa mikono miwili, akasema jambo. Mzee hakuliona vizuri, akaitikia kwa kichwa.

Homa ilishuka siku ya tatu. Dawa aliimaliza yote, hata baada ya mtoto kuanza kucheza na kuzitupa kofia ambazo Mama Pasi alikuwa ameletewa apige pasi. Wiki mbili zilipotimia alimrudisha kwa tabibu, taa ikaingizwa tena, safari hii mtoto akijaribu kuimeza, na tabibu akainua kidole gumba. Kwa binti yake mzee hakuwa amesema lolote. Alimwomba Mama Pasi amweleze siku hiyo, mwanzo mpaka mwisho, sasa kwa kuwa palikuwa na mwisho wa kueleza.

Kuhusu jino lenyewe, lilitoka kimyakimya wakati hakuna anayelitafuta. Alikuwa anamlisha uji. Kijiko kilipoingia kinywani alihisi kitu kikigonga, kigumu, kidogo kama mchele. Aliweka kijiko chini, akanawa kidole, akapitisha. Kulikuwa na ukingo mkali. Alikaa pale na kidole chake kinang'atwa, hamwiti mtu.

Binti alirudi wiki ya tisa, kwa magongo mawili, mumewe akimshika kiuno. Uani tulikuwa tumejaa. Alikuwa amekonda, nywele zake mwenyewe hazijasukwa. Aliketishwa kwenye kiti, akaacha magongo yaanguke, akanyoosha mikono.

"Njoo kwa mama. Njoo."

Bi Mdogo alimtazama. Alitazama mikono ile, akautazama uso, kisha akageuka na kuuficha uso wake shingoni kwa babu yake, akakamata kola ya shati. Binti alipomgusa mgongoni alianza kulia, na yule mama naye hakujizuia. Watu tukaanza kukumbuka kazi zetu mmoja mmoja.

Usiku ule mzee aliongea na binti yake chumba cha nyuma, mkwe akiwapo.

"Kesho narudi kazini," alisema. "Nitatoka mapema kabla hajaamka, na nitarudi jioni akiwa amelala. Jumapili nitakwenda kukaa kwa rafiki yangu."

"Baba, atakulilia siku nzima. Mimi hata kumbeba nikiwa nimesimama siwezi."

"Atanililia. Mbebe ukiwa umekaa. Fizi za juu zimeanza kuvimba, ndiyo bahati yako hiyo, atahitaji wa kumtuliza. Vijiko viko kwenye bilauri, kimoja anauma, kingine kinapoa. Vitambaa nimekwisha kuvichemsha. Akikataa vyote, mweke kifuani umwimbie, aweke mkono wake kooni kwako. Wewe una sauti nzuri, ulirithi kwa mama yako, siyo kwangu." Akamgeukia uso kwa uso. "Mimi nikiwepo atakuja kwangu. Na yeye ni wako."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulala kwa ubavu wiki tisa. Siku ya kwanza alitoka alfajiri akipita karibu na mlango wao bila kutazama. Bandani alikuta yule kijana wa karakana ameitunza mashine vizuri, mkanda umekazwa, kinu kimesafishwa. Akamwambia abaki, wafanye zamu. Mchana akina mama walimwuliza habari za mke wake mdogo. Alijibu kwamba unga wa leo ni laini. Hakuna aliyejua kama hakusikia au hakutaka kusikia.

Nyumbani, Mama Pasi alituambia, mtoto alilia siku ya kwanza mpaka mchana. Siku ya pili alilia kidogo kuliko hapo, lakini hakutaka kutazamwa. Mama yake alikaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, kijiko mkononi, akimwimbia yeye na ukuta kwa pamoja. Siku ya tatu mtoto alikipokea kijiko, akakitupa mkekani, akapokea cha pili. Siku ya tano alitambaa mwenyewe hadi kwenye ule mguu mbovu, akaupanda. Mama yake aliuma meno kwa maumivu na hakumtoa.

Jumamosi mashine iliharibika mkanda saa sita mchana, na mzee alilazimika kurudi kabla ya wakati. Aliwakuta wote wawili wamelala mkekani. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, mdomo wazi, udenda umelowesha blauzi. Mzee alivua viatu nje. Alivuka chumba kwa vidole vya miguu, akachukua sahani yake ya chakula kilichofunikwa, akarudi uani na kula akiwa amesimama kando ya kamba ya nguo. Halafu alirudi kuufunga mlango, polepole sana, kidogo kidogo, kwa kuwa hakujua mlango ule hulia kiasi gani.

Jino la pili lilitoka Jumatatu iliyofuata. Safari hii aliyeligundua alikuwa mama yake, na alipiga kelele za furaha zilizomfikia Mama Pasi kwenye pasi yake na wapangaji wote, isipokuwa mmoja, ambaye alikuwa kazini na alikuja kuambiwa jioni kwa kuonyeshwa.